Mwaka wa mwisho haupimiki: shajara ya msimu wa tatu, Usambara Mashariki

Julai, juma la pili

Tumerudi msituni. Vibali vya mwaka vimekamilika, nyavu zimeoshwa na kushonwa, mistari yote ya kunasia imefyekwa upya. Kwa anayeanza kutusoma msimu huu: tunafanya kazi Usambara Mashariki, upande wa Muheza, kwenye mwinuko wa mita 900 hivi, mahali ambapo msitu na mashamba ya chai vinapakana moja kwa moja. Tuna maeneo matatu. Moja liko ndani ya msitu mkubwa ambao haujakatika. La pili, Kipande cha Chai, ni kipande cha msitu kilichozungukwa na chai pande zote. La tatu tunaliita Kijipande, na ukiingia upande mmoja unaona mwanga wa upande wa pili.

Kote tunafanya kazi ileile. Alfajiri tunatandika nyavu laini nyeusi kwenye vichochoro vilivyofyekwa, tunazipitia kila baada ya muda mfupi ili ndege asikae akihangaika, tunamtoa, tunamvisha pete, tunampima na kumwachia. Msimu wa kuzaliana ukianza tunaongeza kazi ya kutafuta viota.

Wazo hili si letu. William Newmark alianza kunasa ndege wa chini ya msitu katika milima hii mwaka 1987, na takwimu zake zimekusanywa kwa zaidi ya miaka 30. Kazi hiyo ndiyo iliyoonyesha kwamba vipande vidogo hupoteza spishi zake, na kwamba viota ndani ya vipande huharibiwa zaidi kuliko ndani ya msitu mkubwa. Mwaka 2021 yeye na wenzake walionyesha pia kwamba kwa spishi kadhaa za hapa, kupanda kwa joto kumeendana na kushuka kwa viwango vya ndege kubaki hai na vya idadi yao kuongezeka.

Sisi ni wadogo na swali letu ni jembamba. Ndege anayetoweka kwenye kipande cha msitu hutoweka kwa njia mbili: ama wakubwa wanakufa mapema, ama wakubwa wanaishi vizuri tu ila hawafanikiwi kulea. Ukipita na darubini ukahesabu vichwa, huwezi kuzitofautisha njia hizo. Kijipande kinaweza kuwa na ndege wale wale mwaka hadi mwaka, kikaonekana kizima, kumbe ni kituo cha wazee wasio na warithi. Ili kujua, lazima umjue ndege mmoja mmoja, na lazima uwepo akiwa hai na uwepo akiwa hayupo.

Julai, mwishoni

Kabla ya kuanza kuandika takwimu tumetumia asubuhi kadhaa kuwapima wapimaji. Mmoja anapima bawa, anaandika kimya, anampa mwenzake, naye anapima bila kuiona namba ya kwanza. Kisha ndege anaenda zake. Wawili, basi, hatuwezi kumzungusha kiumbe wa gramu chache mikononi mwa kikosi kizima kwa sababu ya udadisi wetu.

Matokeo: kati ya mkono mmoja na mwingine, bawa lilelile linaweza kutofautiana hadi milimita nzima. Kuna anayelikandamiza bawa kwenye rula hadi linyooke, na kuna anayeliogopa. Kijana wetu mpya alicheka: "Milimita moja tu, kaka?" Nikamweleza habari za Daphne Major.

Daphne Major ni kisiwa kidogo cha Galápagos, nchini Ekwado. Peter na Rosemary Grant walianza kazi hapo mwaka 1973, wakawavisha pete ndege wa mbegu wanaoitwa Geospiza fortis, na wakarudi kila mwaka. Mwaka 1977 mvua karibu haikunyesha. Mbegu ndogo laini ziliisha, zikabaki kubwa ngumu, na asilimia 85 hivi ya ndege hao wakapotea. Waliobaki walikuwa, kwa wastani, wenye midomo minene, kwa sababu ndio walioweza kuzipasua mbegu ngumu. Kizazi kilichofuata kilikuwa na midomo minene zaidi kwa takriban nusu milimita. Hayo ndiyo mageuzi yaliyopimwa yakitokea, kwa kalipa, chombo cha kupimia unene, na yote yanaingia mara mbili ndani ya tofauti ya mikono yetu.

Kinachonivutia zaidi ni kilichofuata. Mvua kubwa za El Niño za mwaka 1983 zilikijaza kisiwa mimea ya mbegu ndogo, na mkondo ukageuka: sasa wenye midomo midogo ndio waliofaidi. Mtafiti ambaye angekuja miaka ya ukame peke yake angeandika kwamba midomo inakua. Yule wa miaka ya baada ya mvua angeandika kinyume chake. Kila mmoja angekuwa na takwimu safi.

Kwa hiyo fomu zetu zina kisanduku cha herufi za jina la aliyepima, na hakiachwi wazi. Siku moja mtu atachora mchoro wa urefu wa mabawa ya ndege wa Usambara, aone mstari unashuka, na kabla hajatangaza kwamba joto linawapunguza ndege maumbo, inabidi ajue ni mwaka gani mwenye mkono mzito aliacha kazi.

Agosti

Ukungu. Wavu uliojaa matone unaonekana hata na kipofu, na ndege aliyelowa hupoa haraka, kwa hiyo nyavu zimefungwa na tunakaa kambini kusoma. Mwezi huu nimerudia habari za Reginald Moreau, ambaye kila anayefanya kazi ya ndege hapa Amani anapita kwenye kivuli chake.

Moreau hakusomea ndege. Alikuwa mtu wa hesabu za fedha, na mwaka 1928 alikuja kufanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, kile ambacho Wajerumani walikianzisha mwaka 1902. Alikaa hadi 1946. Yeye na mkewe Winifred walifanya jambo ambalo wakusanyaji wengi wa enzi hizo hawakuliona kuwa na thamani: badala ya kuridhika na ngozi za ndege kwenye makabati, walitaka kujua kiota kina mayai mangapi, mzazi analisha mara ngapi kwa saa, kinda anakaa siku ngapi. Majibu yalipatikana kwa sababu wasaidizi Waafrika walikaa mbele ya viota saa baada ya saa wakihesabu. Mkono wa kulia wa Moreau katika kazi ya ndege alikuwa Salimu Asmani, na ni wanahistoria wa miaka ya karibuni waliolirudisha jina lake mbele. Ndege mmoja wa milima hii, mwenye mdomo mrefu na mkia usiotulia, anaitwa kisayansi Artisornis moreaui. Mwingine wa Tanzania ana jina la Winifred. Nikiangalia kisanduku cha herufi za wapimaji kwenye fomu yetu, naona kina faida ya pili.

Mwaka 1944 Moreau alichapisha uchambuzi mrefu wa idadi ya mayai ya ndege wa Afrika. Ndege wa tropiki, alionyesha, hutaga machache kuliko ndugu zao wa mbali na ikweta. David Lack wa Oxford, Uingereza, alilishika swali la sababu yake. Hoja yake: ndege hutaga kadiri anavyoweza kulisha, na mchana mrefu wa kiangazi cha Ulaya unamruhusu kulisha wengi. Mwaka 1947 Lack alianza kufuatilia visanduku vya viota katika msitu wa Wytham nje ya Oxford, hasa vya ndege aitwaye Parus major, na kazi hiyo haijasimama hadi leo. Moreau mwenyewe akahamia kwenye taasisi ya ndege ya Oxford aliyoiongoza Lack. Hivyo moja ya tafiti ndefu kuliko zote za ndege duniani ina uzi unaorudi hadi kwenye ukungu huu unaonizuia kufanya kazi.

Wengine walimpinga Lack. Alexander Skutch, aliyeishi na ndege wa Costa Rica, alisema idadi ndogo ya makinda inapunguza safari za kwenda kiotani, na kila safari ni fursa kwa nyoka anayetazama. Philip Ashmole, mwaka 1963, akasema mambo yanategemea majira: panapokuwa na msimu mkali wa vifo, wachache wanaobaki hukuta chakula kingi wakati wa kulea. Hakuna kati ya hoja hizo iliyozifuta nyingine. Mimi, kwa viota nilivyoona vikiliwa, nina upendeleo kwa Skutch, lakini upendeleo si ushahidi.

Kwa mradi wetu jambo ni moja. Parus major hutaga mayai manane, tisa, wakati mwingine zaidi, na takriban nusu ya wakubwa hufa kila mwaka. Ndege wetu wengi wa chini ya msitu hutaga mawili. Anayetaga mawili, na akipoteza viota vingi, hawezi kubaki duniani bila kuishi miaka mingi. Tuseme una ndege wakubwa 100. Wakiwa wanabaki nusu kila mwaka, baada ya miaka 5 unao watatu. Wakiwa wanabaki robo tatu, baada ya miaka hiyohiyo unao 24. Ufadhili wa kawaida wa utafiti ni wa miaka miwili au mitatu. Kwa ndege wa Oxford muda huo ni kizazi kizima na zaidi. Kwa huyu wetu ni ujana wake tu.

Septemba

Nyavu zimefunguliwa, na siku ya kwanza tu msitu mkubwa umetupa habari njema: shore mdogo wa kijani tuliyemvisha pete msimu wa kwanza, akiwa tayari mkubwa, kanaswa kwenye mstari uleule, karibu kwenye nguzo ileile. Manyoya mapya, hasira ileile. Ndege huyu kabaki nyumbani muda wote huu huku sisi tukienda na kurudi.

Sasa kuhusu pete. Kila ndege ana pete moja ya alumini yenye namba, na spishi tunazozifuatilia kwa karibu zina pete tatu za plastiki za rangi, ili asomwe kwa darubini bila kunaswa tena. Kwa rangi nane katika nafasi tatu unapata michanganyiko 512, ambayo kwenye karatasi inatosha miaka mingi. Msituni haitoshi, kwa sababu chini ya matawi mwanga ni haba na macho hudanganyika. Bluu na kijani vinabadilishana majina asubuhi. Nyekundu iliyopauka inakuwa ya machungwa. Tumekubaliana: asiyeona vizuri aandike "sijaona vizuri". Usomaji wa kubahatisha ni mbaya kuliko kutosoma, maana unamfufua ndege aliyekufa, na kwenye hesabu zetu ufufuo wa namna hiyo una gharama.

Kina mama wanaopita kwenda kuokota kuni wameomba mstari wa pili wa Kipande cha Chai usogezwe, unakatiza njia yao. Umesogezwa siku hiyohiyo.

Oktoba hadi katikati ya Novemba

Viota. Sehemu hii ya kazi ndiyo ninayoipenda na ndiyo inayonichosha.

Hakuna chombo cha kutafutia kiota. Kuna Mzee wetu. Amekaa na misitu hii tangu utoto, alifanya kazi ya chai, akafanya ya mbao, sasa anafanya hii, na anapata viota kuliko sisi wengine wote tukijumlishwa. Wiki ya kwanza nilikuwa namfuata ndege mwenye jani mdomoni, nikikanyaga kila kijiti.

"Mwanangu," akaniambia, "usimfuate. Kaa."

"Atatuacha, Mzee."

"Atakuacha wewe ukimfuata. Ukikaa, yeye ana kazi, atarudi kwenye kazi yake."

Tukakaa. Ndege akazunguka, akatulia, akashuka kwenye kichaka ambacho tulikuwa tumekipita mara nyingi. Kiota kilikuwa usawa wa goti, mayai mawili yenye madoa.

Kiota kikipatikana tunakipitia kila baada ya siku chache, tukipita njia tofauti ili tusimchoree nyoka barabara. Kosa la kale katika kazi hii ni kuhesabu viota vilivyofaulu, ukagawanya kwa viota vyote ulivyoviona. Hesabu hiyo inapendelea mno upande wa mafanikio, kwa sababu kiota kilicholiwa siku ya pili hukukiona kamwe. Unachokikuta kimeshavuka hatari nyingi. Harold Mayfield alitoa dawa yake mwaka 1961: hesabu siku ambazo kiota kilikuwa chini ya macho yako, upate uwezekano wa kupita siku moja salama, kisha uuzidishe wenyewe kwa wenyewe, mara moja kwa kila siku kuanzia yai hadi kinda kuruka.

Hapo ndipo tofauti ndogo zinapokuwa kubwa. Chukua muda wa siku 28. Kiota chenye uwezekano wa asilimia 97 kupita kila siku kina nafasi ya asilimia 43 hivi kufika mwisho. Shusha hiyo 97 iwe 95, na nafasi inakuwa asilimia 24. Pointi mbili kwa siku, na karibu nusu ya makinda wamepotea. Kwa spishi ya mayai mawili, hapo ndipo kipande cha msitu kinapoweza kugeuka kuwa kituo cha wazee.

Tumefunga kamera zinazojipiga zenyewe kwenye baadhi ya viota. Nilitegemea nyoka, na nyoka wapo. Sikutegemea kima kuwa na subira ile: anapita juu, anaona, anaendelea, anarudi baadaye kama mtu aliyekumbuka kitu. Panya wa usiku nao wamo. Kwenye Kijipande, ambako ukingo uko karibu kila mahali, kila mwindaji anaonekana kufika kila mahali. Huo ni mtazamo wangu wa kambini, haujapita kwenye hesabu.

Novemba, mwishoni

Vuli imekolea. Hakuna nyavu. Penseli inaandika kwenye karatasi iliyolowa, kalamu haiandiki, basi.

Desemba

Siafu wamepita eneo la msitu mkubwa, na pamoja nao kikosi chote cha ndege wanaowafuata. Hawali siafu hasa. Wanadaka panzi, buibui na mende wanaokurupuka mbele ya msafara. Aliyetawala leo ni alethe wa kifua cheupe, Chamaetylas fuelleborni, ametua chini kabisa kwenye shina, akishuka na kupanda. Mwenye kuishi hivi anahitaji msitu wenye misafara ya kutosha ili mmoja ukilala, mwingine uwe unatembea. Kijipande hakina nafasi ya kutosha, na kwenye nyavu za huko hatujamnasa huyu hata mara moja. Sihitaji takwimu ndefu kulielewa hilo. Wanaonitesa ni wale waliobaki, ambao kubaki kwao hakuniambii kitu bado.

Nimekuwa nikijiuliza jinsi kipande cha msitu katikati ya chai kinavyofanana na kisiwa, na kwa visiwa hakuna mfano bora kuliko Cousin, Shelisheli. Ni kisiwa cha hekta 29 hivi. Miaka ya 1960 ndege mmoja mdogo wa rangi ya udongo, Acrocephalus sechellensis, alikuwa na idadi iliyobaki chini ya 30 duniani kote, wote hapo. Kisiwa kilinunuliwa kwa ajili ya hifadhi mwaka 1968, minazi ikaachia nafasi msitu wa asili, na ndege wakaongezeka hadi 320 hivi. Kuanzia 1985 Jan Komdeur na waliomfuata wamewavisha pete karibu wote. Baadaye baadhi walihamishiwa visiwa vya Aride, Cousine, Denis na Frégate ili mayai yote yasiwe kwenye kapu moja la bahari.

Ndege huyu kwa kawaida hutaga yai moja. Moja! Na bado jike ana la kuamua. Mabinti ndio hubaki nyumbani kusaidia kulea. Penye wadudu wengi msaidizi ni faida, penye wadudu wachache ni mdomo wa ziada. Komdeur alionyesha mwaka 1997 kwamba kwenye maeneo maskini asilimia 77 ya makinda walikuwa madume, na kwenye maeneo tajiri madume walikuwa asilimia 13 tu. Jozi zilipohamishwa kutoka eneo baya kwenda zuri, zikaanza kupata mabinti. Jambo la namna hiyo huwezi kuliona kwa kupita. Unahitaji kujua nani ni binti wa nani, na eneo hili lilikuwaje mwaka juzi.

Lakini faida kubwa ya Cousin kwangu ni ya kihesabu, na inanipeleka kwenye kazi ya Januari: ndege wa pale karibu hawaondoki kisiwani. Asipoonekana, amekufa.

Januari

Hesabu za kwanza za uhai. Dada yetu wa takwimu amekuja kambini na kompyuta yake, na kwa siku chache meza ya kulia imekuwa yake.

Shida iko hivi. Ndege wa msimu wa kwanza asipoonekana msimu wa pili, kuna mawili: hayupo, au yupo na hatukumwona. Kwa misimu miwili hakuna njia ya kuyatenganisha. Msimu wa tatu ukija, baadhi ya wale "waliopotea" wanaonekana tena. Hao ndio mashahidi wetu: walikuwepo msimu wa pili, sisi ndio tuliowakosa. Kutokana na hao unapima umahiri wako wa kuona, na ukishaujua, unaweza kukadiria waliokufa kweli. Mbinu hiyo ilikamilishwa na Cormack, Jolly na Seber miaka ya 1964 na 1965, na miradi mingi ya pete duniani inaitumia kwa sura moja au nyingine.

Maana yake kwetu: msimu huu wa tatu ndio unaotupa namba ya kwanza ya kuaminika, na namba hiyo inahusu kipindi kati ya msimu wa kwanza na wa pili. Kipindi cha mwisho, kati ya msimu wa pili na huu, bado kimefungwa. Tunapata uhai na umahiri vikiwa vimezidishwa pamoja, bila kuweza kuvifungua. Msimu wa nne utakifungua, lakini utaleta kifungo chake. Popote utakapousimamisha mradi, mwaka wake wa mwisho utabaki haupimiki.

Na kuna la kuhama. Kwenye msitu mkubwa ndege anaweza kusogea hatua kadhaa nje ya mistari yetu, akaishi raha mustarehe, na kwenye karatasi amekufa. Kwenye Kijipande kusogea maana yake ni kuvuka chai, jambo ambalo ndege wengi wa chini ya msitu hawalipendi. Hivyo hesabu yetu inawaua kwa makosa wa msitu mkubwa zaidi ya wa Kijipande. Tukikuta uhai wa pande zote mbili unalingana, msitu mkubwa huenda unaongoza kwa siri. Dada alilisema hilo huku akimenya chungwa, na nikaona nusu ya ripoti niliyokuwa nimeianza ikibadilika.

Kwa sasa, kwa spishi tatu zenye takwimu za kutosha, wakubwa wa Kijipande hawaonekani kufa kwa kasi ya kutisha. Viota vyao ndivyo vinavyotia mashaka. Ukanda wa makosa ni mpana, kwa hiyo siweki namba hapa.

Februari

Mfadhili ameuliza, kwa heshima, matokeo gani yatakuwa yamekamilika ufadhili utakapofika mwisho Desemba ijayo. Ni swali la haki, fedha si zake binafsi.

Nimemjibu kwa kurasa mbili. Nimemweleza habari ya mwaka wa mwisho. Nimemwambia pia kwamba huko Wytham iligunduliwa kuwa ndege wanataga mapema kwa karibu wiki mbili kuliko miongo ya nyuma, kwa sababu majira ya kuchipua yamekuwa ya joto zaidi, na kwamba hakuna aliyeianza kazi hiyo mwaka 1947 akiwaza joto la dunia. Lack alikuwa anahesabu mayai. Sijui kama hoja ya namna hiyo inaingia kwenye fomu ya tathmini. Mzee alipouliza nilichokuwa naandika, nikamwambia naomba muda. Akasema anayeomba muda aseme na bei yake. Nikarudi mezani nikaweka bei.

Machi

Masika yameanza, nyavu zimekunjwa. Takwimu za msimu zimenakiliwa mara tatu, moja ikiwa nje ya mlima huu, na fomu za karatasi ziko kwenye sanduku la bati pamoja na chaki ya kuzuia mende.

Mpango uliopitishwa kambini ni huu. Msimu wa nne utaenda kama kawaida, kwa fedha zilizopo. Baada ya hapo, ufadhili usipoongezwa, hatutavisha pete mpya wala kununua kamera. Tutabakiza kazi moja: watu wawili, Mzee na kijana wetu ambaye macho yake ni mazuri kuliko yangu, wapite mistari ya maeneo yote matatu na darubini mara moja kwa juma kuanzia Septemba hadi Februari, wasome rangi, waandike. Gharama yake ni mishahara miwili, buti, betri za tochi na daftari, na kiasi hicho tunaweza kukichanga wenyewe tukishindwa kote. Bila kazi hiyo, msimu wa nne wote utabaki umefungwa kwa hesabu niliyoieleza Januari. Tukiwa nayo, unafunguka.

Kijana ameanza kufundishwa kusoma pete kwenye mwanga hafifu. Agizo la pete za Julai limeshatumwa, na bluu haimo.